MASEGA YA GARI HAYAFI BURE

Imekuwa desturi katika gereji nyingi za nchi yetu kwamba gari likikosa nguvu, fundi huingia chini yake, hugonga bomba la moshi mara mbili tatu, kisha hutoa hukumu: masega yameziba, yatolewe. Bomba hukatwa, gari hunguruma kwa kishindo, na mwenyewe hulipa huku akishukuru. Miezi michache baadaye hurudi na ugonjwa ule ule. Twaona imetupasa kulisema jambo hili waziwazi, maana fedha ipoteayo ni jasho la wafanyakazi.

Kwa mwananchi wa Ilagala gari si pambo. Ndilo libebalo muhogo, mawese na dagaa, na ndilo limpelekalo mgonjwa hospitali ya Maweni, Kigoma. Likilala, watu wengi hulala nalo.

Basi tujue kwanza masega ni kitu gani. Ni chombo kilichofungwa katika bomba la moshi, ndani yake mna udongo wa kauri wenye vitundu vyembamba kama masega ya nyuki, uliopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua mtu katika chumba kilichofungwa. Masega yakiisha kupata moto, huigeuza sumu hiyo kuwa hewa isiyodhuru kwa haraka. Madini hayo ni ya thamani kubwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alijua hilo zamani. Mwenye gari ndiye asiyejua.

Tena tukumbuke tulikotoka. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, nayo risasi hudhuru akili za watoto na huyaharibu masega kabisa. Mwezi wa Juni 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 petroli ile ilikwisha kuondolewa. Kuyakata masega leo ni kuitupa nusu ya faida ya kazi ile.

Sasa dalili. Gari lililozibwa masega huwaka vizuri, lakini likipanda mlima hukata pumzi, na kadiri dereva akanyagavyo mafuta ndivyo linavyozidi kulemewa. Mara nyingine huwaka kisha likazima. Masega yaliyovunjika hulia kokoto ndani ya bomba. Harufu ya yai bovu nayo ni onyo kwamba injini huenda inapewa mafuta kupita kiasi. Lakini kila dalili hapa ina ndugu zake: chujio la mafuta lililojaa uchafu, au pampu iliyochoka, huleta udhaifu ule ule. Dalili ni shahidi, si hakimu.

Fundi mwema hupima. Hufungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, hufunga hapo geji ya mgandamizo, na kuiongeza injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikipita ratili 3 kwa inchi ya mraba, njia ya moshi imezibwa. Na ikiwa taa ya injini imewaka na mashine ikatoa alama P0420, maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imeona masega hayasafishi ipasavyo. Haisemi, "Nunua mapya." Bomba lililotoboka karibu na sensa, au sensa iliyochakaa, huweza kutoa ushahidi wa uongo.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Masega hayana kitu kinachozunguka wala kusuguana ndani yake. Kwa kawaida huuawa. Plagi au koili mbovu hupitisha petroli isiyoungua, nayo huunguzwa ndani ya masega hadi kauri ikayeyuka. Ringi zilizolika huleta oili, na gasketi iliyopasuka huleta maji ya rejeta. Vyote huyapaka na kuyafisha. Tena barabara zetu zina mawe, na wakati wa masika zina madimbwi: chombo chenye moto mkali kikizamishwa ghafla katika maji ya baridi, kauri yake huweza kupasuka. Anayeyatoa masega na kuiacha plagi mbovu amemzika marehemu na kumwacha muuaji nyumbani. Anayefunga mapya bila kumtafuta muuaji huyo amemletea mtu wa pili wa kuua.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, kabla ya kukubali bomba likatwe, mwulize fundi maswali matatu: umepima kwa nini? Kipimo kimesema nini? Na kitu gani kimeyaua? Asiyeweza kujibu hajamaliza kazi yake. Oili ikipungua kila wiki, au injini ikitetemeka, usingoje. Plagi moja yagharimu kidogo kuliko masega. Na masega yakilazimika kutolewa, ni mali yako: yadai mkononi mwako.

Nanyi mafundi, heshima ya kazi yenu haimo katika msumeno. Imo katika kujua kabla ya kukata. Mficha maradhi kifo humuumbua.