Vilengeo vya bunduki ya wenzo

Vilengeo vya bunduki ya wenzo ni vifaa ambavyo mwindaji huvitumia kuelekeza mtutu kwa mnyama anayetaka kumpiga. Viko vya aina mbili kuu: vilengeo vya chuma, ambavyo havina kioo chochote, na darubini inayofungwa juu ya bunduki. Bunduki ya wenzo yenyewe ni ile ambayo mpigaji husukuma chini na kurudisha juu mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio. Tendo hilo moja hutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi mpya. Kuchagua kati ya chuma na darubini hutegemea umbali wa windo, macho ya mwindaji na umbo la bunduki. Uchaguzi mbaya matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa, ambaye hukimbia na kufia porini, au akiwa nyati au simba, hujificha majanini na kumngoja anayemfuata.

Vilengeo vya chuma

Aina ya kawaida ina sehemu mbili. Karibu na jicho kuna kipande cha chuma chenye mkato wa umbo la V au U, na kwenye ncha ya mtutu kuna kijiti chenye ushanga mdogo juu yake. Mpigaji huuweka ushanga katikati ya mkato, kisha huupeleka kwa mnyama.

Ugumu wake ni wa jicho. Lenzi ya jicho haiwezi kuona wazi vitu vya umbali tofauti kwa wakati mmoja, na hapa vipo vitatu: mkato ulio karibu zaidi na uso, ushanga ulio mbali kidogo, na mnyama aliye mbali zaidi. Kijana hubadilisha upesi kutoka kimoja hadi kingine bila kujua kwamba anafanya hivyo. Mtu aliyepita miaka 40 au 45 huanza kuona mkato ukiwa na ukungu, kama anavyoanza kuona ukungu kwenye gazeti.

Umbali kati ya mkato na ushanga nao una maana kubwa. Tuseme ni sentimita 50, na ushanga umekaa pembeni kwa milimita 1 tu. Milimita 1 katika milimita 500 ni sehemu moja ya 500. Kwa hiyo mnyama akiwa mita 100 risasi itapotoka kwa sentimita 20. Hiyo inatosha kuikosa sehemu ya moyo na mapafu ya swala na kumpiga tumboni. Akiwa mita 30, kosa lile lile ni sentimita 6, na pengine halitaonekana.

Ipo aina ya pili ya kilengeo cha chuma, chenye tundu dogo la duara badala ya mkato. Kampuni ya Lyman ya Marekani iliieneza tangu mwisho wa karne ya 19. Jicho huchungulia ndani ya tundu na lenyewe hutafuta katikati, bila mpigaji kulazimika kulifikiria. Zaidi ya hayo, tundu dogo hupunguza ukungu: mwanafunzi aliyewahi kutengeneza kamera ya tundu la sindano darasani atakumbuka kwamba picha yake huonyesha vitu vya karibu na vya mbali kwa uwazi unaolingana. Kwa mwindaji wa makamo asiyetaka darubini, tundu ni jibu zuri kuliko mkato, na ni ajabu kwamba bunduki nyingi bado hutoka kiwandani na mkato.

Darubini

Watu wengi hudhani faida kubwa ya darubini ni kukuza. Kwa hakika faida ya kwanza ni kwamba alama ya msalaba na mnyama huonekana kama vitu vya umbali mmoja, hivyo jicho halihangaiki tena. Hata darubini isiyokuza kabisa humsaidia mzee.

Kukuza kuna gharama yake. Darubini ya kukuza mara 4 humwonyesha mwindaji eneo la upana wa mita 9 au 10 hivi kwa umbali wa mita 100. Kwa umbali wa mita 10 upana huo hubaki chini ya mita moja. Nyati akija mbio kutoka umbali huo, kinachoonekana ndani ya kioo ni weusi mtupu. Kwa sababu hiyo wengi wanaowinda vichakani huchagua darubini inayobadilika kati ya mara 1 na mara 4, na huiacha kwenye 1 wanapotembea.

Mwanga nao hupimika. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata kipenyo cha duara la mwanga linalofika jichoni. Lenzi ya milimita 32 yenye ukuzaji wa mara 4 hutoa milimita 8, na lenzi ya milimita 40 yenye ukuzaji wa mara 10 hutoa milimita 4 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, ya mzee hadi 5 au pungufu. Kwa hiyo darubini kubwa ya kukuza sana si lazima ionyeshe vizuri magharibi. Tena Afrika Mashariki machweo ni mafupi. Karibu na ikweta, tangu jua kuzama hadi kiza, zipo dakika 20 na ushee, wakati Ulaya ya kaskazini mwanga hafifu huendelea kwa muda mrefu. Sifa za mwanga zinazotajwa katika matangazo ya darubini ziliandikwa kwa ajili ya nchi hizo. Windo linalohitaji kweli mwanga wa darubini huku kwetu ni la chui, ambaye hungojewa kwenye chambo na aghalabu hutokea jua likishazama au linapokaribia kuzama.

Porini kwenye miombo darubini ina msaada mwingine usiosemwa sana: huonyesha kijiti kilicho mbele ya kifua cha mnyama. Jicho tupu hukipita, lakini risasi haikipiti bila kupotoka.

Umbo la bunduki yenyewe

Hapa ndipo bunduki ya wenzo inapotofautiana na nyingine. Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa kwa zaidi ya milioni 7, hutupa maganda yake juu. Darubini ikiwekwa juu yake katikati, ganda hugonga chuma na huweza kurudi ndani na kukwamisha bunduki. Wenye bunduki hizo walilazimika kuifunga darubini ubavuni, au kuisogeza mbele juu ya mtutu kwa kutumia darubini maalumu inayotazamwa kutoka mbali. Miaka ya 1980 Winchester walibadilisha umbo ili ganda litoke kwa mshazari. Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948, haikuwa na tatizo hilo kwa kuwa juu imefunikwa na maganda hutokea ubavuni. Savage ya 1899 nayo hutoa ubavuni.

La pili ni nyundo. Bunduki nyingi za wenzo zina nyundo ya nje inayovutwa kwa kidole gumba. Darubini ikikaa juu yake, kidole hukosa nafasi, na nyundo ikiponyoka risasi hutoka bila kukusudiwa. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachofungwa ubavuni mwa nyundo ili kidole kiifikie. Anayefunga darubini bila kipande hicho anajitafutia ajali.

La tatu ni risasi zenyewe. Magazini ya bunduki nyingi za wenzo ni bomba chini ya mtutu, na risasi hupangwa kwa mstari, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha kali ingeweza kuilipua, ndiyo maana risasi hizo huwa na vichwa bapa, na kichwa bapa hupoteza mwendo upesi hewani. Risasi ya .30-30 ya kawaida, bunduki ikiwa imesawazishwa kwa mita 100, huanguka kwa sentimita 20 na zaidi ifikapo mita 200. Darubini ya kukuza mara 12 juu ya bunduki kama hiyo humwonyesha mtu mnyama ambaye risasi yake haimfikii sawasawa.

Safari ya Roosevelt

Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda treni hadi nyanda za Kapiti, na msafara wake ulimalizikia Khartoum mwaka 1910. Alibeba Winchester ya 1895 ya kaliba .405, bunduki ya wenzo ambayo magazini yake ni kisanduku badala ya bomba. Aliipenda sana kwa simba, akaiita dawa yao. Alikuwa pia na Springfield ambayo kitako na vilengeo vyake vilirekebishwa vimfae yeye, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland.

Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, na jicho la kushoto lilikuwa limeharibika kwa ngumi alipokuwa akicheza ndondi Ikulu. Hata hivyo alilenga kwa miwani na vilengeo vya chuma, kwa kuwa darubini za zama zile zilikuwa dhaifu, ziliingiwa na unyevu kwa urahisi, na juu ya Winchester ile inayotupa maganda juu hazikukaa vizuri. Kwa simba wa karibu alifaulu. Kwenye nyanda wazi, ambako swala na pundamilia husimama mbali, ilikuwa habari nyingine, na kitabu chake cha 1910 hakifichi risasi alizokosa. Wanyama walioorodheshwa kuuawa na yeye na mwanawe Kermit ni 512; waliojeruhiwa wakapotea hawamo katika hesabu ya namna hiyo. Kwa wapagazi Waislamu jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, maana walitaka mnyama achinjwe kabla hajafa, na aliyepigwa vibaya akatoroka hana wa kumchinja.

Matumizi ya leo

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania Bara unaruhusiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwa wanyama wakubwa wa hatari kaliba inayotakiwa haipungui .375. Risasi ya .30-30 haifai hapo; .405 na .45-70 zinafika kwa kipenyo. Kisiwani Pemba swali lenyewe halizuki: windo kubwa lililoleta matatizo ni la popo wa Pemba, na alipigwa kwa bunduki ya marisau, ambayo huwa na ushanga mmoja tu kwenye ncha ya mtutu.

Kwa vichaka ambamo windo hupatikana chini ya mita 60, mwindaji mwenye macho mazima anatosheka na tundu la chuma. Kwa nyanda, kwa chui, na kwa kila ambaye mkato umeanza kumpotea, darubini ndogo ni bora, na si jambo la kuonea aibu. Wengine huifunga kwa vibanio vinavyofunguliwa kwa mkono, ili vilengeo vya chuma vibaki chini yake kioo kikivunjika au mnyama aliyejeruhiwa akihitaji kufuatwa majanini. Vibanio hivyo vinapaswa kujaribiwa nyumbani: darubini itolewe, irudishwe, kisha zipigwe risasi tatu kwenye karatasi kuona kama zinaangukia pale pale. Baada ya safari ya gari kwenye barabara ya vumbi, jaribio hurudiwa kambini kabla ya kuwinda. Na darubini ya bunduki haitumiki kumtambua kitu kinachotikisa majani, kwa sababu kinachotazamwa kwayo kimeshaelekezewa mtutu, na huenda ni mtu anayekata kuni.