Umekunywa methadoni, ukashushia na Valium? Mshikaji, sema ukweli!

WATOTO wa mjini wanaijua arosto. Ukimuona teja amejikunyata juani saa 6 mchana, makamasi yanamtoka, miayo haikatiki, ndiyo yenyewe hiyo.

Kwa Dar, nafuu ilianza mwaka 2011, kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili. Ikafuata Mwananyamala 2012, kisha Temeke 2014. Dozi ni ya maji, unainywa mbele ya mhudumu, unakwenda zako kibaruani.

Sasa leo tuongee kitu ambacho wengi hawakipendi: yale maswali. Unakunywa pombe? Bangi je? Vidonge vya usingizi? Mara ya mwisho lini? Halafu unakabidhiwa kikopo ukalete mkojo.

Mshikaji wangu mmoja (jina naliweka kapuni) siku ya kikopo hununa kutwa nzima. "Unga nimeacha, bado wananipekua kama kibaka," ananiambia. Namuelewa. Mtu aliyezoea kukimbizana na polisi, swali lolote kwake ni mtego.

Lakini mimi nasema mtego wenyewe uko kwenye mchanganyo. Methadoni ni ukoo mmoja na heroini, inapunguza kasi ya pumzi. Valium nayo hivyo hivyo, pombe kali nayo hivyo hivyo. Zikikutana tatu kwenye mwili mmoja, mtu anaweza kulala na pumzi ikakata kimyakimya. Wenzake chumbani wanasikia anakoroma, wanasema kachoka huyo, mwacheni. Jamani, msimwache! Mwamsheni, na asipoamka mkimbizeni hospitali.

Tena methadoni haina haraka ya kutoka, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Aliyekunywa asubuhi asijidanganye kwamba saa 3 usiku imeshaisha, sasa apige vitu vyake.

Bangi haikati pumzi kwa mtindo huo. Huulizwa kwa sababu nyingine, maana kijiwe cha bangi mara nyingi ndicho hicho hicho cha unga.

Mtauliza, si mkojo unasema kila kitu? Wapi! Heroini huonekana siku mbili tatu tu. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Na kikopo hakisemi umetumia kiasi gani, wala kwa nini. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitunga dodoso lake, linaitwa ASSIST, maswali 8 tu, kuanzia sigara mpaka heroini, likiuliza hasa miezi mitatu iliyopita.

Hiyo "kwa nini" ndiyo kiini. Kuna anayemeza Valium kwa sababu usingizi umemkimbia. Kuna aliyeanza dawa za TB, na humo mna rifampicin, ambayo inaharakisha methadoni kuisha mwilini. Arosto inamrudia, naye anajitibu kitaani. Huyo anataka dozi yake iangaliwe upya. Kumfokea kunamsaidia nini?

Na nyie wahudumu pia sikieni. Mkimtimua kila anayesema ukweli, kesho mtaletewa mkojo wa mtoto wa jirani. Aliyetimuliwa anarudi kwenye kete na kipimo chake cha zamani, wakati mwili umeshapoteza mazoea. Wiki 4 za kwanza baada ya kuacha methadoni ndizo zenye hatari kubwa ya kifo.

Kwa hiyo mshikaji, ukiulizwa, taja na kile kidonge ulichopewa na jirani. Taja na zile bia za Jumamosi. Na kama umefika unanuka pombe, dada wa dirishani akasema dozi isubiri, usimtolee macho. Kaa kwenye benchi, vuta subira.