Mama, Soya Inaponya Kusahau?

Mama anafika kliniki hapa Kasulo, mjukuu mgongoni. Anasema: «Munganga, siku hizi ninasahau sana. Ufunguo naweka hapa, natafuta kule. Wananiambia ninunue vidonge vya soya. Ni kweli?»

Wamama, tuelewe vizuri neno hili.

Kwa wengi wetu, damu ya mwezi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Mwaka mzima ukipita bila damu, tunasema imekoma. Wakati huo homoni ya kike, jina lake estrojeni, inapungua mwilini. Mama anasikia joto la ghafla, analala vibaya, anasahau vitu vidogo. Huo si wazimu, wala si ulozi. Mara nyingi hali hiyo inapungua yenyewe.

Ndani ya soya kuna kitu kinachofanana kidogo na homoni hiyo. Ndiyo sababu watu walifikiri kwamba soya italinda akili. Wanganga walipima. Uholanzi walitoa majibu mwaka 2004: wamama 202 wa miaka 60 hadi 75 waligawanywa, wengine wakapewa unga wa soya kila siku kwa mwaka mmoja, wengine unga wa maziwa. Marekani walitoa majibu mwaka 2012: wamama 350, kwa miaka miwili na nusu. Wote walipimwa namna wanavyokumbuka na kufikiri. Kwa jumla, wale wa soya hawakuwapita wenzao. Marekani ilionekana nafuu kidogo tu, katika kukumbuka vitu vilivyoonwa kwa macho.

Basi mama, franka zako unazipata kwa jasho. Usizimalize kwa vidonge hivyo. Lakini soya yenyewe usiitupe! Ni chakula kizuri, kinajenga mwili wa mama na wa mtoto. Ichemshe mpaka ilainike kabisa, maana soya mbichi inasumbua tumbo. Ama uikaange, uisage, uchanganye na unga wa mahindi kwa uji.

Njoo lopitalo upesi kama:

1. Kusahau kunazidi: unapotea njia ya nyumbani, ama unasahau majina ya watoto wako.
2. Ghafla mdomo unapinda, mkono unakosa nguvu, ama maneno hayatoki. Hapo usingoje hata saa moja.
3. Damu imerudi baada ya mwaka mzima bila damu.

Tansio ya juu, sukari, upungufu wa damu na mawazo mengi pia vinaharibu kumbukumbu, na vina matunzo. Kama unakunywa dawa ya tansio, usiiache kwa sababu ya soya.

Na kama ni mama yako mzazi anayesahau, anayerudia neno moja mara kumi, anayetembea usiku, usikubali wamwite mulozi. Huyo ni mgonjwa. Alikubeba mgongoni, sasa wewe mshike mkono, umlete.