Kusoma Vimeng'enya vya Tumbo katika Karatasi ya Damu

Ndugu askari, karatasi itokayo maabara ya hospitali huwa imejaa majina mageni na tarakimu. Mara nyingi mgonjwa huitazama alama iliyowekwa kando ya tarakimu moja, alama ya kupanda au ya kushuka, akajihukumu mwenyewe kabla hajaonana na daktari. Wengine huona tarakimu zote ni za kawaida, wakarudi lindoni hali tumbo linawauma vile vile. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kudhani kwamba karatasi yaweza kusema peke yake.

Vimeng'enya vyatoka wapi?

Kimeng'enya ni dutu itengenezwayo na mwili ili kuharakisha kazi zake. Amilasi huvunja wanga wa ugali, matoke na muhogo. Hutoka katika kongosho, lile tezi lililo nyuma ya tumbo, na pia katika tezi za mate mdomoni. Lipasi huvunja mafuta, na sehemu yake kubwa hutoka katika kongosho. Kimeng'enya cha tatu, ambacho karatasini huandikwa ALP, hukaa katika ini, katika mifupa na katika ukuta wa utumbo mwembamba.

Mahali pa kazi pa vimeng'enya hivi si katika damu. Humo huonekana kwa kiasi kidogo tu. Tezi likiumia, mfereji wake ukizibika, au utumbo ukitoboka, vimeng'enya huvuja na kuingia katika damu kwa wingi. Kwa hiyo tarakimu iliyopanda yatuambia kwamba kuna kitu kimevuja. Haituambii daima kimevuja wapi.

Mipaka ya kawaida

Mipaka iliyochapwa kando ya kila tarakimu hupatikana kwa kuwapima watu wenye afya. Kwa desturi huwekwa hivi kwamba watu 95 kati ya 100 waingie ndani yake. Maana yake ni kwamba watano waliobaki, ingawa ni wazima kabisa, watakuwa nje. Tena mashine za hospitali hazifanani. Tarakimu ya hospitali moja isilinganishwe na mipaka ya hospitali nyingine.

Tarakimu iliyopita kikomo kidogo tu yaweza kuwa na sababu nyepesi. Kuruta ambaye mifupa yake ingali inakua huwa na ALP ya juu. Ndivyo ilivyo kwa askari ambaye mfupa wake uliovunjika unaunga, na kwa askari wa kike mwenye mimba, maana kondo la nyuma nalo hutoa kimeng'enya hicho. Hata mlo wenye mafuta mengi hupandisha ALP ya utumbo kwa saa chache, hasa kwa watu wa makundi ya damu O na B. Kinyume chake, damu ikitiwa kimakosa katika kichupa chenye dawa ya EDTA, ALP huonekana imeshuka sana, hali mgonjwa hana kasoro.

Askari aliyetoka katika matembezi marefu ya mazoezi ajue jambo jingine. Kimeng'enya kiitwacho AST, ambacho wengi hukiona kuwa ni cha ini tu, hutoka pia katika misuli. Hupanda baada ya kazi nzito. Hapana budi daktari aelezwe.

Kongosho linapougua

Daktari husema kongosho limeshikwa na ugonjwa wa ghafla anapopata mambo mawili kati ya haya matatu: maumivu makali ya juu ya tumbo, ambayo mara nyingi hupenya hadi mgongoni, amilasi au lipasi iliyofika angalau mara tatu ya kikomo cha juu, na dalili katika picha ya tumbo. Visababishi vikubwa ni viwili, yaani mawe ya nyongo na pombe, na waragi imo katika hesabu hiyo.

Wakati nao una uzito. Amilasi hupanda katika saa za mwanzo, nayo aghalabu hurudi chini baada ya siku tatu hadi tano. Lipasi hukawia zaidi, hata wiki moja au mbili. Mgonjwa aliyevumilia siku tano ndipo akafika hospitali aweza kukutwa na amilasi ya kawaida, na kongosho lake bado linaugua. Tena amilasi hupanda kwa sababu nyingine pia: matumbwitumbwi, figo zilizochoka, utumbo ulioziba, na utumbo uliotoboka.

Funzo la Kasese

Hilo la mwisho laihusu wilaya hii hasa. Kati ya tarehe 27 Desemba 2007 na tarehe 30 Julai 2009, homa ya matumbo iliwashika watu wa Kasese kwa ukali usio wa kawaida. Wagonjwa 577 walihesabiwa. 289 walilazwa hospitali. 249 walitoboka utumbo. Na 47 walifariki. Wachunguzi waliyahusisha maradhi hayo na maji machafu ya kunywa. Baadaye ugonjwa ulienea hadi wilaya ya Bundibugyo.

Vijidudu vya homa hiyo hukaa katika ukuta wa utumbo mwembamba, karibu na mwisho wake, vikachimba vidonda. Aghalabu katika wiki ya pili au ya tatu kidonda huweza kupenya ukuta. Hapo uchafu wa utumbo humwagika ndani ya tumbo, pamoja na vimeng'enya vyake, na damu huvifyonza. Karatasi yaweza kuonyesha amilasi iliyopanda, na mtu mwenye haraka akasema, "Ni kongosho." Lakini kongosho lililougua mara nyingi hutibiwa kwa maji ya mshipani na mapumziko, hali utumbo uliotoboka wahitaji kisu cha mpasuaji bila kukawia. Tena yawezekana amilasi isipande kabisa, na tundu lipo. Mkono wa daktari ulioligusa tumbo na kulikuta gumu kama ubao una neno kubwa kuliko tarakimu.

La kufanya

Askari wa Muhokya, au yule wa barabara ya Bwera hadi mpakani Mpondwe, akishikwa na maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika na tumbo kukaza, asingoje majibu ya damu kambini. Apelekwe mara moja penye wapasuaji, kama vile hospitali ya Kagando au ya Bwera. Mkuu wake asimdhanie kwamba anakwepa zamu. Saa moja iliyopotea yaweza kugharimu maisha ya mtu.

Ambaye hana dalili hizo, lakini karatasi yake ina alama, aichukue pamoja na zile za zamani. Amweleze daktari ukweli wote: alikunywa nini, alikula lini, alimeza dawa gani, alifanya mazoezi gani. Mara nyingi ataambiwa apimwe tena baada ya siku kadhaa.

Na maji ya kunywa lindoni yachemshwe. Mwaka 2008 uliwafunza watu wa Kasese gharama ya kuacha jambo hilo.