MASHINE YA MASHUA: UKUBWA GANI UNAKUFAA?



Katika skimu zetu za pwani wako wengi ambao hulima wakati wa mvua na kuvua wakati wa kaskazi. Mtu akipata mkopo hutamani kutia mashine katika mashua yake. Hilo ni jambo jema. Lakini hivi karibuni alifika ofisini kwetu mkulima mmoja mwenye mashua ya mbao ya futi 20, akiwa na karatasi za mkopo wa mashine ya nguvu za farasi 40. Dhamana ilikuwa shamba lake. Tulipomwuliza kwa nini 40, alijibu, "Jirani yangu anayo." Tulimwomba aketi tufanye hesabu. Nawe uifanye kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, ijue mashua yako. Nenda Bandari ya Kale, Mombasa, asubuhi, ukatazame vyombo vya uvuvi. Boti nyepesi ya faiba, yenye chini bapa, ikisukumwa kwa nguvu hupanda juu ya maji na kuteleza. Mashua nzito ya mbao haipandi, hupasua maji. Ya futi 20 mwendo wake ni kama maili 6 za baharini kwa saa. Ukiitia mashine kubwa, tezi huzama, omo huinuka, na petroli huisha, bali mwendo hauongezeki sana.

Pili, pima uzito. Kwa mashua ya namna hiyo, farasi 4 au 5 hutosha kwa kila tani. Tuseme mashua ni kilo 800, watu wanne kilo 280, nyavu, mashine na mafuta kilo 170, barafu na samaki kilo 250. Jumla ni kilo 1,500, yaani tani moja na nusu. Basi farasi 8 zatosha bahari ikiwa shwari. Lakini bahari haiwi shwari daima. Maji ya bamvua yana mkondo mkali, na kusi huleta mawimbi. Kwa hiyo weka akiba: chagua farasi 10 hadi 15.

Tatu, hesabu mafuta. Mashine ya petroli iliyochanganywa na oili, ikifunguliwa yote, hula karibu nusu lita kwa kila farasi kwa saa. Safari ya saa mbili, kwenda na kurudi, ile ya 15 hula lita 15. Ile ya 40 hula lita 40. Hizo lita 25 zitalipwa na samaki wako. Huenda ukasema, "Nitanunua kubwa niiendeshe polepole." Lakini bei yake utailipa yote, na uzito wake utaubeba kila siku.

Nne, pima kimo cha ubao wa tezi unaofungwa mashine. Ukiwa inchi 15, nunua yenye mguu mfupi. Ukiwa inchi 20, mguu mrefu. Rafadha ikikaa juu mno hukoroga hewa.

Mwisho, usiache tanga na makasia nyumbani. Mashine yoyote huweza kuzimika.

Mkulima yule alirudi na karatasi nyingine, za mashine ya farasi 15. Deni lilipungua zaidi ya nusu, na shamba lake liko salama zaidi.