Kwa Nini Kila Injini Ina Sauti Yake?

Ukikaa Gitting, chini ya Mlima Hanang, huna haja ya kutoka nje ili ujue ni chombo gani kinachopita. Masikio yanatosha. Pikipiki ikipanda kilima unajua ni pikipiki. Trekta likitoka shambani unajua ni trekta. Mashine ya kusaga ikiwashwa, mama anachukua debe lake la mahindi na kwenda. Hata mtoto mdogo hakosei. Lakini mbona vyombo hivi vyote vinakula mafuta na kutoa moshi, na bado kila kimoja kina sauti yake? Na je, ni kweli kama wasemavyo vijana wengi, kwamba chombo chenye kelele nyingi ndicho chenye nguvu nyingi?

Swali hili la pili lina fedha ndani yake. Wako vijana wa bodaboda wanaomlipa fundi ili aikate sailensa ya pikipiki, eti ipate nguvu ya kupanda mlima. Wako pia watu wanaonunua pikipiki kuukuu kwa sababu tu imenguruma vizuri mbele yao. Hebu kwanza tuone sauti yenyewe inatoka wapi.

MLIPUKO NDANI YA SILINDA

Ndani ya injini mna tundu la mviringo la chuma, laini kabisa. Hilo ndilo silinda. Ndani ya silinda kuna kizibo cha chuma kinachopanda na kushuka. Hicho ni pistoni. Hewa na mafuta kidogo huingia, hubanwa na pistoni, halafu huwaka ghafla. Mlipuko huo huisukuma pistoni chini kwa nguvu, na pistoni huzungusha mhimili uitwao kranki. Kutoka kwenye kranki nguvu huenda kwenye magurudumu au kwenye jiwe la kusagia.

Kazi ikiisha, mlango mdogo uitwao valvu hufunguka. Moshi uliobanwa, wenye moto mkali, hutoka kwa kishindo. Umewahi kusikia tairi la lori likipasuka? Ni hewa iliyobanwa inatoka mara moja. Injini hufanya hivyo hivyo, ila kidogo kidogo na mara nyingi sana.

Injini nyingi tunazotumia ni za mapigo 4: kuvuta hewa, kubana, kulipuka, kutoa moshi. Mapigo hayo 4 huchukua mizunguko 2 ya kranki. Kwa hiyo kila silinda hulipuka mara 1 katika kila mizunguko 2. Tafadhali ishike hesabu hii, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

Tuanze na mashine ya kusaga. Vijiji vingi vimesagiwa unga kwa injini za dizeli za aina ya Lister, zilizobuniwa Uingereza na baadaye kuigwa sana India. Ile ndogo ya nguvu za farasi 6 ina silinda 1 tu, na huzunguka mara 650 kwa dakika. Gawanya kwa 2, unapata milipuko 325 kwa dakika. Hiyo ni kama milipuko 5 kwa sekunde. Ndiyo maana unasikia tuk-tuk-tuk-tuk, kila pigo peke yake. Mwenye saa ya mshale anaweza kujaribu kuhesabu mwenyewe.

Sasa njoo kwenye trekta. Massey Ferguson 135, ambalo wazee wengi wanalijua, lina silinda 3. Tuseme limesimama linanguruma polepole, kranki ikizunguka mara 800 kwa dakika. Kila silinda italipuka mara 400. Zidisha kwa 3, unapata 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Hapo sikio linaanza kushindwa kutenga pigo moja na lingine. Ni kama kudondosha mahindi kwenye debe. Punje moja moja unaisikia, lakini ukimimina kikapu chote unasikia mvumo mmoja tu.

Endelea na hesabu. Land Rover za zamani za serikali nyingi zilikuwa na silinda 4. Kwa mizunguko ile ile 800 zilitoa milipuko 1,600 kwa dakika. Land Cruiser nyingi za dizeli, zile ngumu zinazobeba wagonjwa na abiria wa vijijini, zina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Hizo hutoa milipuko 2,400 kwa dakika, yaani 40 kila sekunde, na nafasi kati ya mlipuko na mlipuko ni sawa sawa. Ndiyo sababu sauti yake ni laini, kama kitambaa kirefu kinachochanwa bila kukatika.

Pikipiki ya bodaboda ina silinda 1 kama mashine ya kusaga. Tofauti ni kwamba silinda yake ni ndogo na kranki inazunguka haraka mno. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hulipuka mara 50 kwa sekunde. Na msumeno wa injini, ule wa kuangushia miti, mbona unapiga kelele kali kuliko vyote? Huo ni wa mapigo 2. Hulipuka katika kila mzunguko, haupumziki. Halafu sailensa yake ni ndogo sana, kwa sababu mtu anaubeba mikononi.

JINSI SILINDA ZILIVYOPANGWA

Idadi ya silinda peke yake haimalizi habari. Gari la silinda 4 la kawaida na Subaru ya silinda 4 hazisikiki sawa. Mtu anayeishi karibu na barabara ya lami ya Babati kwenda Singida anaijua Subaru kabla hajaiona. Inanguruma kwa kuyumba: bu-bu, bu-bu, bu-bu.

Katika magari mengi silinda 4 husimama wima, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni. Katika Subaru zimelala, 2 upande wa kulia na 2 upande wa kushoto. Pistoni hutoka na kuingia zikitazamana, kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Kwa hiyo injini ya namna hiyo huitwa boksa. (Usichanganye na pikipiki ya Bajaj iitwayo Boxer. Hiyo ni jina tu, ina silinda 1.) Volkswagen ya zamani yenye umbo la kobe nayo ilikuwa na injini ya boksa, tena nyuma, na ilipozwa kwa upepo badala ya maji. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mashindano ya magari ya Safari kwa gari hilo. Mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti alishinda Safari Rally ya Kenya kwa Subaru Impreza.

Sasa, watu wengi husema Subaru inanguruma vile kwa sababu silinda zimelala. Ni kweli nusu tu. Injini yenyewe hulipuka kwa nafasi zilizo sawa, kama magari mengine ya silinda 4. Ila hulipuka mara 2 mfululizo upande mmoja, kisha mara 2 upande wa pili. Na katika Subaru nyingi za zamani zenye tabo, mabomba yanayokusanya moshi hayakuwa na urefu sawa. Moshi wa upande mmoja ulikuwa na safari fupi, na wa upande wa pili ulizunguka chini ya injini kabla ya kukutana na mwenzake.

Fikiria watu wanaotoka nyumba mbili kwenda kisimani. Wanatoka kwa zamu, kila baada ya dakika moja. Lakini nyumba moja iko karibu na nyingine iko mbali. Je, watafika kisimani kwa nafasi sawa? Hapana. Wengine watafika wakifuatana karibu karibu, halafu pengo, halafu wengine tena. Ndiyo bu-bu, bu-bu ya Subaru hiyo. Baadaye kiwanda kilitengeneza baadhi ya magari yake kwa mabomba ya urefu sawa, na sauti ile ikapotea. Injini ilibaki ya boksa. Kilichobadilika ni bomba!

Ya magari makubwa ambayo watu wamezoea kuyaita V8 nitasema kwa kifupi. Yana silinda 8, 4 kila upande, zimeinama kama herufi V. Kila upande ukiusikiliza peke yake, milipuko yake haina nafasi sawa. Kwa hiyo sauti hutoka nzito na ya kububujika, kama maji yanayomwagika kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba.

KAZI YA BOMBA NA SAILENSA

Chukua filimbi fupi na filimbi ndefu. Fupi hulia juu, ndefu hulia chini. Bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, hufuata kanuni hiyo hiyo. Bomba refu na pana hutoa sauti nzito. Bomba fupi lililokatwa karibu na injini hutoa sauti kali ya kupasua masikio.

Katikati ya ekzosi kuna lile kopo nene, sailensa. Mtu akiliona kwa nje hudhani ni kopo tupu. Ndani mna vyumba vidogo, vibati vyenye matundu na vijibomba vilivyopishana. Moshi ukiingia hupanuka, hupoa na kupunguza mwendo. Mawimbi ya sauti nayo hugonga kuta na kurudi, na mengine hukutana uso kwa uso yakazimana. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango, mmoja yuko ndani na mwingine nje. Kama nguvu zao ni sawa mlango hautembei.

Jamaa mmoja Mmarekani, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, kisha fikra hiyo hiyo akaitumia kwenye injini. Baba yake ndiye aliyebuni bombomu la Maxim, ambalo Wajerumani walilitumia kuwaua babu zetu wakati wa Vita vya Majimaji. Baba alileta mlio, mwana akaunyamazisha.

Magari ya dizeli ya siku hizi mengi yana tabo. Hiki ni kipangaboi kidogo kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Kwa kuwa moshi umetumia nguvu zake kukizungusha, hutoka umetulia. Lori lenye tabo linaweza kuwa na sauti ya chini kuliko lori la zamani lisilo nayo, nalo likavuta mzigo mkubwa zaidi. Utasikia tu mluzi mwembamba dereva akikanyaga mafuta.

JE, KELELE NI NGUVU?

Jibu umeshaliona. Kelele ni nguvu iliyokwisha toka nje, haipo tena kwenye gurudumu. Waliotengeneza pikipiki ndogo walipima bomba, sailensa na kabureta pamoja. Ukikata sailensa unavuruga kipimo hicho. Mara nyingi pikipiki hupungua mvuto ikiwa kwenye mwendo mdogo, na mwendo mdogo ndio unaohitajika ukiwa na abiria na gunia kwenye mlima. Kijana husikia kishindo akadhani amepata farasi. Kwa kweli amenunua kelele. Tena asisahau kwamba kuna kanuni za serikali za mwaka 2015 zinazohusu kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Masikio yake je? Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikifika 88, saa ziwe 4 tu. Ikifika 91, saa 2. Mwenye bodaboda anashinda juu ya chombo chake kutwa nzima. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi, na mwenyewe hana habari mpaka siku anapoitwa na mkewe mara tatu bila kuitika.

Basi ukienda mnadani Katesh kununua pikipiki kuukuu, usiombe ivumishwe. Omba iwashwe ikiwa baridi, ingurume polepole, nawe usikilize. Mapigo yawe ya nafasi sawa. Likiruka pigo moja moja, mlipuko mwingine haukufanyika. Uliza plagi, kabureta na valvu. Ukisikia "cha-cha-cha" karibu na injini, moshi unavuja pale bomba linapoungana na silinda. Peleka mkono karibu bila kugusa, maana chuma hicho huunguza, na utausikia upepo wake.

Kwenye gari lenye kibanda uvujaji huo si jambo la kuchekea. Katika moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Mtu huanza kuumwa kichwa, husinzia, na anaweza kufa bila kujua kilichompata. Kwa sababu hiyo, jenereta wala pikipiki isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha na sailensa ni nzima. Na bomba la mashine ya kusaga lipite ukutani litoke nje kabisa, juu ya vichwa vya watu, upande ambao akina mama hawakai kusubiri zamu.