Kufuga Furu Wadogo Nyumbani

Mkulima wa Homa Bay na Migori, samaki wa bwawani unawajua. Wengi wenu mmekwisha kuchimba mabwawa ya ngege na kambare, na kazi yake mmeizoea. Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya samaki mwingine, ambaye hapikwi wala hauzwi kwa kilo. Samaki huyu ni furu, ambaye Wajaluo humwita fulu. Hufugwa ndani ya tangi la kioo nyumbani, akauzwa mmoja mmoja kwa watu wanaopenda kutazama samaki wa rangi.

Kwa nini furu? Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na nyingi sana kati yake hazipatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara, ndiye mbuta, aliletwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila upande na kuwala furu kwa wingi. Maji nayo yalichafuka kwa udongo na mbolea za mashambani. Aina nyingi, labda 200 au zaidi, hazikuonekana tena. Baadhi zimerudi tangu wavuvi walipopunguza sangara, na nyingine zimehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Si vizuri samaki wa Mbita na Karungu wajulikane zaidi ng'ambo kuliko kwao.

Aina ya kuanzia

Anayemfaa mtu anayeanza ni furu mdogo wa mafunjo, ambaye wataalamu humwita Pseudocrenilabrus multicolor victoriae. Dume hufika sentimita 8 hivi, na jike ni mdogo zaidi. Dume ana rangi za manjano na buluu, na ncha ya pezi lake la chini ni nyekundu. Hukaa kandokando ya maji penye mafunjo, mahali penye hewa haba ndani ya maji ambapo sangara hapendi kuingia. Ndiyo sababu aliokoka, na ndiyo sababu ni mvumilivu tangini.

Tangi

Mwambie fundi wa vioo akukatie tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 35, kwa kioo cha milimita 6. Liunganishwe kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo huua samaki pia. Liache likauke siku kadhaa, kisha ulijaze maji nje ya nyumba kwa siku nzima uone kama linavuja.

Ukilijaza hadi sentimita 30, litachukua madebe manne ya maji. Uzito wake, pamoja na kioo na mchanga, utapita kilo 100. Kwa hiyo usiliweke juu ya meza dhaifu. Litengenezee kiti cha mbao nene au matofali, sawasawa kabisa, mbali na dirisha lenye jua kali, kwani jua huleta ukungu wa kijani.

Tandaza mchanga uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi. Weka mawe machache na vigae vya chungu kilichovunjika viwe maficho ya majike. Funika juu kwa wavu au kioo, maana furu huruka.

Maji

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaachwe ndani ya pipa siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Pipa lifunikwe, mbu wasizalie humo. Maji ya mvua peke yake hayana chumvi za kutosha. Yachanganye na ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi nyingi.

Ukitumia maji ya ziwa, kumbuka ugonjwa wa kichocho. Yachuje kwa kitambaa, uyaache siku mbili ndani ya pipa lisilo na konokono hata mmoja, ndipo utie mkono. Majani ya maji nayo yakague vizuri, kwani konokono hujificha humo.

Sasa sikiliza jambo linalowashinda wengi. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki hutoa sumu iitwayo amonia. Kuna vijidudu vyema, visivyoonekana kwa macho, vinavyoigeuza sumu hiyo isidhuru. Lakini huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Makao yao ni sponji ya chujio linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Kwa hiyo usijaze samaki siku ya kwanza. Anza na wawili au watatu, walishe kidogo, na kila wiki toa robo ya maji utie mengine. Ukiweza kupata kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, kitie katika lako. Sponji ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe. Ukiiosha kwa maji ya bomba utawaua vijidudu vyako.

Penye umeme unaokatika mara kwa mara, tafuta pampu ya jua yenye betri. Asiye na pampu apunguze samaki na kuzidisha majani ya maji.

Chakula

Lisha mara mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili tatu. Omena waliokaushwa, wakatwangwa na kuchekechwa, ni chakula kizuri. Viluwiluwi vya mbu navyo hupendwa sana. Ukiviokota katika makopo yenye maji umelisha samaki na umepunguza mbu nyumbani. Chakula kinachobaki chini kitolewe siku hiyohiyo.

Kuzaa

Weka dume mmoja na majike watatu. Ukiweka madume wawili katika tangi dogo watapigana mpaka mmoja afe. Dume huchimba shimo mchangani, jike hutaga mayai humo, dume huyarutubisha, kisha jike huyaokota yote kwa kinywa. Utamtambua kwa kidevu chake kilichovimba na kwa kukataa kula. Usimdhanie mgonjwa: amebeba watoto.

Hubeba siku 10 hadi 14. Zikipita siku chache, mwinue taratibu kwa bakuli, wala si kwa wavu, umtie katika tangi dogo lenye maji yaleyale. Ukimshtua atayatema mayai au kuyameza. Watoto wakitoka, huogelea karibu na mama, na wakiona hatari hurudi kinywani mwake. Hali hiyo huendelea siku kadhaa. Halafu mtoe mama, umlishe vizuri peke yake kwa wiki moja kabla ya kumrudisha kwa dume, kwani amekaa na njaa muda mrefu. Watoto walishe unga laini wa omena mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo.

Mambo matatu ya kushika

La kwanza, usichanganye aina za furu katika tangi moja. Jike humchagua mume kwa rangi. Mahali pasipo na nafasi au penye maji machafu huzaa na wa aina nyingine. Watafiti wameona jambo hilo hilo ziwani. Watoto wa mchanganyiko hawana thamani kwa mnunuzi wala kwa uhifadhi.

La pili, usimwage samaki wa tangini ziwani, mtoni wala bwawani. Sangara naye alitiwa na mikono ya watu, na madhara yake yanajulikana.

La tatu, fuata sheria. Kabla ya kuvua hata furu mmoja wa kuanzia, nenda kwa ofisa wa uvuvi wa kaunti yako na kwa kamati ya ufuo, ile iitwayo BMU, uulize kibali kinachotakiwa. Usitumie chandarua cha mbu kuvulia. Kibali cha kuuza nacho ulize mapema.

Mwisho, fungua daftari. Andika bei ya kioo, pampu, umeme na chakula, na tarehe ya kila uzazi. Zungumza na maduka ya samaki wa mapambo ya mjini kabla watoto hawajawa wengi, ujue wanataka aina gani na kwa bei gani. Usikope fedha kununua matangi kumi. Nunua moja, ulitunze mpaka kizazi cha kwanza kikue na kuuzwa, ndipo uhesabu kama la pili lafaa.